Mama wa Mtaalamu wa Nyota, na Mama Yetu

Tangu nirudi, kila Jumapili mmenizunguka mlangoni pa kanisa mkitaka kujua kilichonipata Buffalo, na kila Jumapili nimewajibu kwamba kulikuwa na baridi. Ni kweli, kulikuwa na baridi. Lakini baridi haimfanyi mtu akose la kuimba kwenye kwaya majuma matatu, na nyinyi si watoto wa kudanganywa. Basi leo nimekaa mezani hapa Beechmont, Louisville, nimezima simu, nawaandikia yote ili niyaseme mara moja tu.

Mnajua kwamba kaka yangu mkubwa, Yakobo, anaishi Tonawanda, kaskazini ya Buffalo, na anafanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari. Binti yake, Esta, anasoma shahada ya juu Columbus, kwenye chuo kikuu kile cha jimbo. Msilolijua ni kwamba baba na binti walikuwa hawajazungumza kwa miezi saba. Esta alimweleza baba yake kwa simu kwamba anaandika juu ya Ulaya ya zamani, wakati wasomi walipoanza kuyapima mambo kwa akili na kwa vyombo, na jinsi kesi za wachawi zilivyofifia kidogo kidogo mpaka zikaisha. Kaka akamwambia aache habari hiyo au asimwite tena baba. Mimi ni baba yake mdogo. Niliona ni wajibu wangu kumpitia Columbus na kumfikisha kwa baba yake, wakae meza moja. Nilidhani ni ugomvi wa dini, nikaondoka na hotuba nzima kichwani.

Louisville hadi Columbus

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 2015. Mke wangu alinifungia chapati sita na mayai ya kuchemsha, nikapanda basi asubuhi kabla magari ya kwenda kazini hayajajaa barabarani. Mpaka Cincinnati tulikwenda vizuri. Hapo kipasha joto cha basi kikafa, dereva akasema hawezi kusafirisha watu ndani ya friji, tukateremshwa kungoja basi jingine. Tulingoja zaidi ya saa tatu.

Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Kizungu, mzee, mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa akienda Columbus kumwona mjukuu mchanga. Alinikaribisha karanga za kuchemsha kutoka kwenye mfuko wa plastiki, bado zina maji na chumvi. Sikutarajia kukutana na karanga za namna ile mikononi mwa Mzungu, nikazila kama mtu aliyerudi nyumbani. Nami nikampa chapati. Akala, akasifu, akaniuliza naenda wapi.

Hapo ndipo Kiingereza changu kilipoanza kuniponza. Nilitaka kusema kwamba mtoto wa kaka yangu anasoma historia ya watu walioacha kuwaua wenzao kwa jina la uchawi. Kilichotoka mdomoni ni kwamba anajifunza mambo ya wachawi, na kwamba mimi naenda kumchukua nimpeleke kwa baba yake ambaye amekasirika. Yule mama akaacha kutafuna. Akaniuliza polepole kama msichana mwenyewe amekubali. Nikasema atakubali tu.

Aliinuka akaenda kwa dereva. Dereva akaja na mlinzi wa kituo, wakaniuliza jina langu, jina la msichana, umri wake, na kama nina picha yake. Nilikaa pale nikiwa nimeshika yai. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nadhaniwa mwizi wa watoto! Nikampigia Esta simu na kumpa dereva. Walizungumza kidogo, dereva akacheka, akanirudishia simu yangu.

Mama yule alirudi uso umemwiva. Alinishika mkono akaniomba msamaha. Alisema ana mabinti wawili, na ni afadhali aaibike mbele ya watu kuliko kunyamaza kisha baadaye asikie jambo baya limetokea. Sikuweza kumkasirikia. Tulimaliza karanga pamoja.

Columbus

Esta amepanga chumba karibu na chuo, katika nyumba ya mbao wanamoishi wanafunzi wanne. Alinipikia tambi kwa nyanya na samaki wa kopo. Mtoto yule alikuja Amerika ana miaka kumi na mitano, na mpaka leo ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, isipokuwa anapoomba radhi au anapoogopa. Nilianza hotuba yangu kabla hajamaliza kuosha vyombo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kesho nimfuate maktaba nione mwenyewe.

Asubuhi tulipanda hadi chumba cha vitabu vya kale. Mlangoni kijana wa kazi akanionyesha kwa mkono niache mfuko, niache koti, niache na kalamu ya wino. Nyinyi mliotoka kwetu mnajua mkono wa namna ile tuliuona wapi. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimekwisha kumwekea mezani kadi ya ukaaji, saa, pochi na mkanda wa suruali, nimesimama nimenyoosha mikono pembeni. Kijana akapauka. Esta alinishika kiwiko akaniambia, kwa Kiswahili, "Hapana, baba mdogo. Si kizuizi cha wanajeshi. Wanaogopa wino tu, usichafue vitabu." Nikavaa mkanda wangu.

Kitabu chenyewe kililazwa juu ya mto laini kama mgonjwa. Esta alifungua ukurasa wenye mchoro wa mwezi, uliochorwa na mtu aliyeutazama kwa darubini zilipokuwa kitu kipya. Mwezi ule haukuwa sahani laini. Ulikuwa na milima na mabonde, na vivuli vikiangukia mabondeni kama kwetu milimani jua linapochomoza. Esta alinieleza kwamba kabla ya hapo wasomi walikuwa na hakika kuwa vitu vya mbinguni havina kasoro, kwa sababu vitabu vya zamani vilisema hivyo. Watu hawa wakaanza kuangalia, kupima na kuandika walichokiona, hata pale kilipowapinga wao wenyewe.

Kisha akanisimulia habari ya mtaalamu mmoja wa nyota, Mjerumani, aliyeishi miaka kama mia nne iliyopita. Alikuwa Mkristo wa kuomba kweli. Ndiye aliyegundua kwamba sayari hazizunguki jua kwa duara kamili. Yeye mwenyewe alilipenda duara, lakini vipimo vilimkataa, naye akavikubali vipimo.

"Mama yake alishtakiwa uchawi," Esta akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kichwani mwangu uchawi ulikuwa shida yetu sisi, na akili ilikuwa mali yao, toka mwanzo. Kumbe mama mzazi wa mtu wa nyota alikuwa bibi mpweke, mkali wa maneno, anayejua dawa za majani. Jirani mmoja akadai kwamba alinyweshwa kitu na bibi yule, na tangu hapo ana maumivu. Wengine wakaongeza ya kwao. Alipokuwa amepita miaka sabini walimfunga minyororo zaidi ya mwaka mzima, wakamwonyesha vyombo vya kutesea ili akiri. Hakukiri. Mtoto wake mmoja aliona aibu na kutaka kujitenga. Yule wa nyota akaiacha kazi yake, akasafiri siku nyingi mpaka kwao, akaandika utetezi mrefu akijibu shitaka moja baada ya jingine kwa maswali. Huyu alikuwa mgonjwa tangu lini? Yule aliona nini, akiwa amesimama wapi? Maumivu haya hayawezi kuletwa na jambo jingine?

Nikamwuliza Esta kama mtu huyo alisema wachawi hawapo. Akasema hapana, hakusema hivyo. Aliwauliza tu wanajuaje. Na mama akaachiwa huru, akafa baada ya miezi michache.

Nilikaa pale nikitazama mwezi wenye milima. Kisha nikafurahi, maana nilikuwa nimepata dawa ya kaka. Mtu wa Mungu aliyemtetea mama yake kwa akili aliyopewa na Mungu! Ni mzazi gani angeichukia habari hiyo? Nikaamua kuisimulia mimi mwenyewe, mezani kwake.

Columbus hadi Buffalo

Tuliondoka Jumamosi kabla ya mapambazuko. Mpaka Cleveland barabara ilikuwa nyeusi na safi. Baada ya hapo theluji ilitoka upande wa ziwa ikatufunika, dereva akawa anaendesha kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Karibu na Erie lori lilikuwa limelala ubavu katikati ya njia. Tukaelekezwa kwenye kituo cha mafuta, tukakaa humo tangu saa nne mpaka baada ya saa saba mchana, abiria arobaini na choo kimoja. Mwenye duka alitupa kahawa, na tulipoimaliza akatupikia supu ya kopo kwenye sufuria lake mwenyewe.

Nilikuwa nakunywa supu hiyo Esta aliponiuliza, kwa Kiingereza chake, bibi yake mzaa baba alikufa kwa nini.

Nikamwambia kwa homa. Nilikuwa shuleni Bukavu mwaka ule, vita vikikaribia, na habari ilinifikia baada ya mwezi. Akauliza nani aliniambia. Nikasema baba yako, kwa barua.

"Na kaburi uliliona?"

Nilikasirika. Nilimwambia maswali ya maktaba ayaache maktaba, habari za wazazi haziulizwi hivyo. Akasema, "Samahani, baba mdogo," akageukia dirishani.

Lakini swali lilikuwa limekwisha kuingia. Nilijaribu kukumbuka nani alinionyesha kaburi la mama. Kijiji chetu kilikimbiwa kabla sijarudi. Kutoka Bukavu nilivuka moja kwa moja hadi kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko ndiko nilikomkuta kaka. Hakuna aliyenionyesha. Karibu miaka ishirini nimemlilia mama, na sikuwahi kuuliza amelazwa wapi.

Tonawanda

Shemeji yangu Feza alitupokea kwenye kituo cha Buffalo saa kumi, akamkumbatia binti yake mpaka kofia zao zikaanguka. Kaka alikuwa kazini. Alirudi jioni, Esta akampa mikono miwili, naye akaitazama mikono hiyo, akasema, "Umekonda," akaenda kuoga. Nikaona mwanzo si mbaya.

Jumapili baada ya ibada tulikaa mezani. Kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga ambao Feza huwatafuta kwa wiki nzima. Kaka aliomba kwa kirefu. Tulipoanza kula nikasafisha koo, nikasema nimeona jambo huko Columbus ambalo kila mzee wa kanisa angependa kulisikia. Nikaanza habari ya mtaalamu wa nyota. Kaka alikula akiitikia kwa kichwa. Penye mwezi wenye milima alitabasamu. Nikafika kwa mama wa mtaalamu, na jirani aliyedai kwamba alinyweshwa kitu akaugua.

"Kitu gani?" kaka akauliza.

Sikujua. Esta akajibu, safari hii kwa Kiswahili, kwamba jirani alisema kilikuwa kinywaji kichungu.

"Haikukuwa maziwa?" kaka akauliza, kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Hapana, baba. Kwa nini maziwa?"

Kaka aliweka tonge lake kwenye sahani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akaniuliza yule mtoto wa bibi, mtu wa nyota, alifanya nini. Nikasema aliacha kazi akaenda kumtetea.

"Mbele ya bantu?"

"Mbele ya mahakama nzima."

Feza alikuwa amesimama kwenye jiko, ametupa mgongo. Aliacha kukoroga.

"Bon," kaka akasema. "Miye sikumutetea mama."

Nitawaeleza kwa ufupi, maana yeye mwenyewe alichukua saa nzima. Watoto watatu walikufa kijijini ndani ya juma moja, na wa pili alikuwa Samweli, mdogo wa kiume wa Esta. Mama yetu, Riziki, alikuwa akiwapelekea wagonjwa maziwa, nyumba kwa nyumba. Akaja mtu mmoja wa maombi kutoka mlima mwingine, akafunga na kuomba siku tatu, akasema kifo kimo ndani ya maziwa. Watu wakakusanyika. Kaka alikuwa shemasi kijana na mtoto wa kwanza, kwa hiyo walimwita asimame mbele.

"Baliniuliza, huyu ni mama yako, unasema nini juu yake? Miye nilijibu, sijue. Donc, njo ile tu nilisema. Sijue."

Walimwamuru mama aondoke kabla jua halijazama. Alifunga kitenge kimoja na sufuria. Kaka alikuwa amesimama kwenye ua. Mama alipita mbele yake, hakumlaumu; aliuliza tu kama kaburi la Samweli limewekewa mawe, ng'ombe wasilikanyage. Kisha akashika njia ya kuteremka, na tangu hapo kaka hakumsikia tena. Kwangu aliandika kwamba ni homa.

Feza alisema bila kugeuka, "Na miye nilinyamaza. Mutoto wangu alikuwa amekufa, nilitaka ikuwe kosa ya mutu."

Nikamwuliza kaka kama bado anaamini ni maziwa. Akatikisa kichwa. Alisema kule kambini, siku ya chanjo, nesi alisimama mbele ya wazazi akaeleza dalili za surua: macho mekundu, kikohozi, vipele vinavyoanzia usoni. Alikuwa anaeleza ugonjwa wa Samweli bila kumjua. Kaka alitoka nje ya hema akatapika. Tangu siku hiyo anajua.

"Kwa hiyo hukumkataza Esta kwa ajili ya dini," nikasema.

"Hapana. Niliogopa ataniuliza."

Wapendwa, sijui nilifikaje nje. Nilijikuta nimesimama kwenye theluji na ndara, ngumi zimekunjwa, namtafuta mtu wa kumpiga, na mtu huyo alikuwa ndiye aliyenilea. Jirani aliyekuwa akiondoa theluji kwa koleo akaniashiria miguu yangu. Sikuisikia. Esta akatoka na viatu vyangu, akapiga magoti akanivisha kimoja kimoja, machozi yakimtiririka. Kisha, akiwa bado chini, akauliza ni nani aliyemwona bibi akifa.

Nikasema hakuna.

"Basi hatujui," akasema.

Nilimtazama kwa mshtuko. Nilitaka kumwambia kwamba huu si wakati wake, lakini alikuwa ameingia ndani, nami nikamfuata. Akamwuliza baba yake ni nani aliyemwambia kwamba bibi amekufa. Kaka akasema hakuna, ni yeye mwenyewe aliyesema, na kwa kusema mara nyingi likawa kweli. Esta akauliza ile njia ya kuteremka inafika wapi.

Tukatazamana, kaka na mimi. Njia ile inafika Uvira. Na Uvira anaishi mama yetu mdogo, Mapendo, mdogo wake mama. Mimi humpigia kila Krismasi. Hunisalimia vizuri, huniuliza juu ya mke wangu na watoto wangu, na wala hajawahi hata mara moja kulitaja jina la Yakobo. Mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Simu ya Uvira

Nilipiga kwa simu yangu, nikaiweka mezani sauti ikiwa wazi, katikati ya sahani. Mama mdogo akapokea, akafurahi, akasema leo si Krismasi. Nikamwambia kuna mtu anataka kumsalimia.

"Mama, ni miye Yakobo."

Tulisikia redio ya jirani yake huko Uvira, na mbwa. Nilidhani amekata.

Kaka aliweka viganja vyote viwili mezani. "Ninataka kuuliza. Siku ile mama alitoka kwetu, alienda wapi?"

Mama mdogo alishusha pumzi, tukaisikia kama yuko chumbani. "Alikuya kwangu," akasema. "Alikaa hapa miaka mbili, mpaka alikufa."

Feza akashika ukingo wa jiko. Mimi niliinama, kichwa kikagusa meza. Miaka miwili! Nilikuwa kambini ng'ambo ya ziwa, nafundisha watoto wa watu kusoma, na mama yangu alikuwa hai upande wa pili, anateka maji.

Niliinua kichwa nikamwuliza kwa nini hakuniambia, Krismasi zote zile.

"Yeye njo alikataza. Alisema, usiwaambie kitu. Siku Yakobo atauliza yeye mwenyewe, umwambie yote, usimufiche kitu. Nimengoja sana, batoto. Mwaka huu nilisema basi, nitakufa nayo."

Kaka alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti, amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Esta akachukua simu mezani, akakaa chini karibu na baba yake, bega kwa bega, akaishika kati ya midomo yao wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wamegusana tangu tufike.

"Nianze wapi?" mama mdogo akauliza.

Kaka aliinamia simu.

"Anza siku alifika."

Feza akazima jiko. Mama mdogo akaanza na maji ya vuguvugu aliyomwekea mama kwenye beseni, na jinsi alivyomwosha miguu.